Kilo za mtu si za kutangazwa: haki na heshima katika mbio za baiskeli za ndani

Wapo marafiki wa kazi yetu, hasa walioko Uingereza, Ujerumani na Marekani, wanaochangisha fedha za visima na zahanati kwa njia ambayo huwashangaza wengi huku kwetu. Wanaendesha baiskeli wakiwa sebuleni au katika banda la gari, hawaendi popote, na jamaa zao wanawachangia kwa kila kilomita. Majira ya baridi, giza linapoingia saa kumi jioni na barabara zikiwa na barafu, hiyo ndiyo njia ambayo wengi wanaimudu. Miongoni mwao wapo pia Watanzania, Wakenya na Wakongo waliohamia huko.

Mazoezi haya yamezua maswali ambayo viongozi wa vikundi wametuuliza zaidi ya mara moja. Je, ni haki kumdai mtu ataje uzito wake ndipo ashiriki? Mtu akiandika kilo za uongo, amemdhulumu nani? Na tufanye nini mwenzetu anapoandikiwa maneno ya kuudhi kuhusu mwili wake? Tumeona vema kuyajibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu majibu yake yanawagusa hata wale ambao hawatapanda baiskeli ya aina hiyo maisha yao yote.

Baiskeli isiyosogea

Kwanza tueleze jinsi mambo yanavyokwenda. Baiskeli hufungwa juu ya mashine nzito inayokaa sakafuni. Kwa mashine nyingi za siku hizi gurudumu la nyuma huondolewa kabisa, na mnyororo huizungusha mashine yenyewe. Ndani yake mna kipimo kinachosoma nguvu ya miguu kwa wati, zile zile wati zinazoandikwa kwenye balbu ya taa. Mtu wa kawaida mwenye afya huweza kutoa wati 100 hadi 200 kwa muda wa saa nzima. Bingwa wa kiume huzidi 350.

Mashine hutuma namba hiyo kwenye kompyuta au simu kwa njia isiyo na waya. Programu nayo humwonyesha mwendeshaji kwenye kioo akiwa katika umbo la katuni, barabarani pamoja na wengine kutoka nchi nyingi, kila mmoja akiwa nyumbani kwake. Mlima ukitokea kwenye kioo, mashine hukaza na pedeli huwa nzito. Jasho linalotoka ni la kweli kabisa.

Programu inayojulikana zaidi ni Zwift ya California, Marekani, iliyoanza kujaribiwa hadharani mwaka 2014. Kisiwa chake cha kubuniwa kinaitwa Watopia. Tarehe 9 Desemba 2020, wakati dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya UVIKO-19, Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) lilifanya mbio za kwanza za ubingwa wa dunia wa aina hii humo humo Watopia. Kwa wanawake alishinda Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Kwa wanaume alishinda Jason Osborne wa Ujerumani, ambaye wakati huo alijulikana zaidi kwa kupiga makasia. Waandaaji waliwapelekea washiriki mashine za aina moja ili kipimo kiwe kimoja kwa wote. Mwaka 2024 fainali ya ubingwa huo ilifanyika Abu Dhabi kwa kutumia MyWhoosh, programu ya Falme za Kiarabu isiyotoza ada.

Uzito ndio mwendo

Hapa ndipo lilipo shina la jambo lenyewe. Mashine hupima nguvu, lakini haimpimi mtu. Haijui kama aliyekaa juu yake ni wa kilo 55 au 95. Programu inahitaji kujua, kwa kuwa barabara ya kweli inajua: anayepanda mlima hubeba mwili wake mwenyewe, kila kilo, kutoka chini hadi juu. Kwa hiyo mwendeshaji huulizwa uzito wake, na kimo chake pia, maana mtu mrefu hukinga upepo zaidi. Anaandika namba, na programu inaiamini.

Katika barabara ya tambarare uzito hauna kishindo kikubwa, kwa sababu kinachomzuia mtu hapo ni upepo zaidi. Mlimani mambo hugeuka. Zwift wana mlima wao uitwao Alpe du Zwift, uliotengenezwa kwa kufuata mlima wa Alpe d'Huez wa Ufaransa wenye kona 21. Una urefu wa kilomita 12 hivi na unapanda mita 1,036. Tufanye hesabu rahisi. Mtu wa kilo 75 mwenye baiskeli ya kilo 8 anakanyaga kwa wati 225 bila kupunguza. Tukihesabu kazi ya kuinua uzito peke yake, bila upepo wala msuguano wa barabara, atatumia kama dakika 62 kufika juu. Sasa mtu huyo huyo, kwa miguu ile ile, aandike kwamba ana kilo 65. Atatumia dakika 55. Kilo kumi za kalamu zimempatia dakika saba, na hakuna hata tone moja la jasho alilolitoa kwa ajili yake.

Ndiyo maana waendeshaji hawa hawazungumzi juu ya wati tu. Huzungumza juu ya wati kwa kilo, yaani nguvu iliyogawanywa kwa uzito. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kupangia watu madaraja kwenye mbio za Zwift. Daraja A lilikuwa la wenye wati 4 kwa kilo au zaidi, B lilianzia 3.2, C lilianzia 2.5, na D lilikuwa la walio chini ya hapo. Msomaji makini ataona kwamba mpango huo ulifungua milango miwili ya udanganyifu. Anayejipunguzia kilo hupanda mlima kwa kasi. Lakini anayejiongezea kilo hushuka daraja: mtu wa wati 250 na kilo 76 ni wa daraja B, na akijiandika kilo 80 anaangukia C, ambako atawashinda watu dhaifu kuliko yeye. Sisi tuliokulia karibu na magulio tunaifahamu mizani inayochezewa kwa juu wakati wa kununua na kwa chini wakati wa kuuza.

Mizani isiyo ya haki

Torati ilikataza mfanyabiashara kuwa na mawe ya kupimia ya aina mbili, kubwa na dogo, na kitabu cha Mithali kinasema wazi kwamba mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Mungu. Majirani zetu Waislamu wanayo sura nzima ya Kurani inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Kwa hiyo hatuna sababu ya kulichukulia jambo hili kuwa mchezo wa watoto eti kwa kuwa barabara ni za kubuniwa. Wanaoshindana wametoa muda na nguvu zao za kweli, na anayedanganya anawanyang'anya.

Vyama vya michezo navyo vimelichukulia kwa uzito. Machi 2019 Uingereza ilifanya ubingwa wake wa kwanza wa taifa wa mbio za mtandaoni, na mshindi wa wanaume alikuwa Cameron Jeffers. Oktoba mwaka ule ule chama cha British Cycling kilimvua ubingwa, kikamfungia miezi 6 na kumtoza faini ya pauni 250. Siku ya mbio alikanyaga mwenyewe. Kosa lake ni kwamba kabla ya hapo alitumia programu iliyojifanya mwendeshaji ili apate baiskeli ya kubuniwa yenye kasi zaidi, ambayo wenzake huipata baada ya kupanda jumla ya mita 50,000 za milima. Alikiri hadharani. Mwaka 2020 Zwift nao waliwafungia waendeshaji wawili miezi 6 kila mmoja kwa kuchezea takwimu za vipimo vyao vya nguvu.

Lakini kisa kinachotufundisha zaidi ni cha mwaka 2022. Mwendeshaji mmoja alieleza hadharani kwamba kuna mwanya wa kubadili uzito katikati ya mbio: mtu awe mzito kwenye mteremko, mwepesi kwenye mlima. Kampuni ilimzuia kwa siku 30 yeye aliyesema. Watu walipolalamika, mkuu wa kampuni, Eric Min, aliomba radhi na kuondoa adhabu hiyo. Wanaofanya kazi katika mashirika, na yetu yakiwemo, wanajua jinsi inavyokuwa rahisi kumkasirikia anayeonyesha nyufa kuliko kuziba nyufa zenyewe.

Katika ngazi ya juu ya mashindano dawa iliyopatikana ni kupima. Washindani hutakiwa kujirekodi kwa video wakiwa wamesimama juu ya mizani, namba ikionekana, muda mfupi kabla ya mbio. Mbio za fedha hudai hivyo, pamoja na uthibitisho wa nguvu za mwendeshaji. Kwa mtu anayeshindania ubingwa wa dunia hatuoni kosa. Bondia hupimwa uzito, mnyanyua vyuma hupimwa, na wote walijua tangu mwanzo.

Tatizo ni pale utaratibu wa mabingwa unapoteremshwa kwa mama mwenye miaka 52 anayekanyaga dakika 40 jioni ili apate usingizi.

Anayeficha si lazima awe mwizi

Watu wawili wanaweza kuandika uongo ule ule kwa sababu zilizo mbali kama mashariki na magharibi. Mmoja anaandika kilo 65 badala ya 75 kwa kuwa anataka kushinda. Mwingine anaandika hivyo hivyo kwa kuwa hajawahi kumtajia mtu yeyote uzito wake, pengine hata mwenzi wake wa ndoa, na haoni kwa nini aitajie kompyuta. Programu inawaona ni sawa. Kiongozi wa kikundi asiwaone hivyo.

Huku kwetu uzito haukuwa siri kwa namna hiyo. Mtu akirudi kutoka safari huambiwa mlangoni, "Umenenepa!" na wengi hulipokea kama pongezi, ishara kwamba maisha si mabaya. Mtoto mchanga hupimwa kliniki akining'inia kwenye mizani mbele ya akina mama wote, na kilo zake huandikwa kwenye kadi. Kwa sababu hiyo baadhi ya wasomaji wanaweza kudhani kwamba aibu ya uzito ni jambo la Wazungu.

Wanaodhani hivyo wakumbuke miaka ya UKIMWI. Katika miaka ya 1980 huko Uganda ugonjwa huo ulipewa jina la "slim", yaani wembamba, kwa vile wagonjwa walikonda sana. Toka hapo mwili uliokonda uligeuka kuwa cheti cha ugonjwa kinachosomwa na kila mpita njia. Watu walivaa nguo mbili mbili ili waonekane na mwili. Wengine waliacha kuja kanisani. Mtu aliyepungua kwa sababu ya kisukari, kifua kikuu, njaa au huzuni ya kufiwa alinong'onezwa vile vile. Wahudumu wa majumbani walijifunza kwa uchungu kwamba kilo za mgonjwa ni habari zake, na kwamba hata swali la upole, "Mbona umepungua?", laweza kumfungia mtu ndani kwa wiki nzima. Hatuoni kwa nini hekima hiyo isitumike mahali pengine.

Lipo pia jambo la ulaji. Mchezo unaompa mtu mwendo kila anapopunguza kilo unamvuta apunguze zaidi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu kuhusu wanamichezo wanaokula kidogo kuliko nguvu wanazotumia. Walieleza kwamba hali hiyo huwapata wanawake na wanaume. Hedhi huvurugika au kukoma, mifupa hupoteza uimara, kinga ya mwili hushuka, na mwishowe hata nguvu zile zilizotafutwa hupotea. Kijana aliyewahi kuugua kwa kujinyima chakula, au kwa kula na kujitapisha, huambiwa na waganga wake akae mbali na mizani. Kumdai video ya mizani kila wiki ni kumrudisha pale alipotoka. Naye hatasema sababu. Atajitoa tu kimya kimya, na kikundi kitadhani amechoka.

Kwa maoni yetu hasara hii ni kubwa kuliko hasara ya mtu mmoja kushinda kwa hila mbio za jioni zisizo na zawadi.

Siri inayovuja kwa hesabu ya kugawanya

Waendeshaji wengi huamini kwamba uzito wao hauonekani kwa wengine kwa kuwa programu haiuandiki pembeni ya jina. Ni kweli kwamba hauandikwi. Lakini katika Zwift waendeshaji walio karibu huona wati kwa kilo za kila mmoja zikibadilika kila sekunde. Ikiwa mahali pengine, labda kwenye matokeo ya mbio au kwenye picha ya kioo aliyoituma mwenyewe kwa furaha, wati zake zinaonekana pia, basi kazi imekwisha. Wati 200 kwa kiwango cha 2.5 ni kilo 80. Mtoto wa darasa la tano anaweza kugawanya hivyo.

Tunalisema hili kwa sababu tumeona vikundi vikiahidi siri visivyoweza kuitunza. Ni afadhali kumwambia mshiriki ukweli mapema: ukijiunga na mbio zenye matokeo ya hadharani, mtu mwenye nia anaweza kuujua uzito wako. Ukiendesha katika msafara wa pamoja bila kupeleka matokeo popote, uwezekano ni mdogo zaidi. Achague mwenyewe akijua.

Viongozi wanaokusanya majina na kilo za watu kwenye daftari au karatasi ya kompyuta waelewe pia kwamba sheria zimebadilika. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018 huzipa taarifa za afya ulinzi wa pekee, na uzito unaweza kuhesabiwa miongoni mwake. Kwa upande wetu, Kenya na Uganda zilitunga sheria za aina hiyo mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022, yake ikianza kutumika Mei 2023. Jambo la msingi katika sheria hizo zote linafanana: usichukue taarifa usiyoihitaji, sema unaichukua kwa ajili gani, na usiitumie kwa jambo jingine. Orodha ya kilo za wanakikundi ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp "kwa kutiana moyo", hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililozingatiwa. Tunawataja hapa pia wale wanaoendesha mashindano ya kupunguza unene maofisini na makanisani, ambao wengine hubandika orodha hizo ukutani.

Maneno njiani

Kwenye programu hizi watu huandikiana ujumbe wakiwa wanakanyaga. Mengi ni mazuri. Zwift wana kitufe cha kumpongeza mwenzako, alama ya kidole gumba kilichoinuliwa, na wapo wazee wanaoshinda wakigawa pongezi hizo kwa watu wasiowajua njia nzima.

Mengine ni ya kusikitisha. Mwanamke mwembamba akipanda kwa kasi huitwa mwongo hadharani. Mwanamume mkubwa akiwa mbele kwenye tambarare huulizwa mizani yake ilivunjika lini. Wanaosema hivyo wengi hawajui hata mambo ya msingi tuliyoyaeleza hapo juu: kwamba mtu mzito mwenye nguvu anastahili kuwa mbele kwenye tambarare, na kwamba mwepesi anastahili kuwa mbele mlimani. Tena mashine zenyewe zinatofautiana. Nzuri hukosea kwa asilimia 1 hivi, za bei nafuu asilimia 5 au zaidi. Asilimia 5 ya wati 250 ni zaidi ya wati 12, na mwenye mashine hiyo hana habari. Kabla ya kumwita mtu mwizi, mtu aulize kama mashine yake imewahi kusawazishwa.

Tunawashauri viongozi hivi. Mwenye shaka na takwimu za mwenzake amwandikie mwandaaji wa mbio faraghani, kwa jina lake, akieleza alichokiona. Mwandaaji amuulize mhusika kwanza kuhusu mashine yake, si kuhusu mwili wake. Ikibidi kuuliza uzito, aulize mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo, wa jinsia ile ile inapowezekana, na jibu lisitoke kwake. Anayeandika maneno ya kuudhi kuhusu mwili wa mtu aambiwe mara moja na aliye karibu naye. Asisubiriwe kiongozi. "Kaka, hilo si la kuandika hapa," inatosha. Akirudia, aondolewe. Na utani wa unene ambao mtu na shemeji yake wanautaniana nyumbani usiletwe mbele ya wageni wa nchi nyingine wasiojua kwamba hao ni watani.

Sisi huko kwa wenzetu tulibishana sana kuhusu neno moja: kama ni vibaya kumsifu mtu kwamba amepungua. Waliokulia Ulaya walisema wasiguse kabisa. Baadhi yetu tuliona ni ukali uliopita kiasi. Mwishowe mwenzetu mmoja, muuguzi wa siku nyingi, alituuliza ni nani kati yetu alikuwa na hakika sababu ya kupungua kwake haikuwa ugonjwa. Hakuna aliyejibu. Tangu hapo tunasifu miguu, bidii na kuhudhuria.

Tunavyoendesha sasa

Zipo njia za kupanga ambazo hupunguza mvutano huu kwa kiasi kikubwa. Misafara ya pamoja katika Zwift inaweza kuwekwa hivi kwamba wote wanabaki pamoja, mwenye wati 90 na mwenye wati 300, na hapo kilo alizoandika mtu hazimletei faida wala hasara yoyote. Kwa misafara yetu ya kuchangisha tunatumia mpango huo tu. Kwa wanaopenda kushindana, mwaka 2024 Zwift walianzisha alama zinazotokana na nguvu ambazo mtu ameonyesha na matokeo yake katika mbio, kwa hiyo anayeshinda sana hupandishwa hata kama anajificha nyuma ya kilo za uongo. Hazijaondoa udanganyifu, lakini zimeupunguzia faida.

Jambo ambalo lilihitaji kubadilishwa lilikuwa upande wetu wa fedha. Wafadhili walikuwa wanatoa kwa kila kilomita. Ilionekana ni haki, mpaka tulipokaa na kupiga hesabu. Kilomita za mlimani ni rahisi kwa mwepesi na ngumu kwa mzito, hata jasho likiwa sawa. Mshiriki wa kilo 100 aliyekanyaga saa nzima aliileta zahanati fedha pungufu kuliko kijana wa kilo 58 aliyekanyaga saa hiyo hiyo kwa wati zile zile. Na aliyejipunguzia kilo, kwa hila au kwa aibu, aliongeza mchango bila kukusudia, hivyo mfadhili naye akatozwa zaidi ya alivyofanyiwa kazi.

Sasa tunawaomba wafadhili watoe kwa kila dakika. Dakika inahesabiwa na saa, na programu huziandika zenyewe. Fomu ya kujiunga inauliza jina, anwani ya barua pepe, mji, na kama mtu ana tatizo la kiafya ambalo angependa kiongozi wake alijue. Hili la mwisho ni la hiari, na humfikia kiongozi huyo peke yake. Nafasi ya uzito tumeifuta. Kila mmoja bado ataandika namba kwenye programu yake nyumbani, kwa kuwa programu haiwezi kuanza bila hiyo, na tunamwomba aandike ya kweli. Hatutaiuliza.

Vikundi vinavyotaka kuandaa msafara viwasiliane na mratibu wao wa kanda mapema, kwa sababu tofauti ya saa kati ya Afrika ya Mashariki na Ulaya huchanganya watu. Saa za Ulaya hurudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba na kusogezwa mbele mwishoni mwa Machi, na zetu hazibadiliki.